Picha Zilizokwenda Boko

Kabla ya simu kuja, tulikuwa tunatumia tochi na macho yetu. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido ya zahanati, pale Mbagala. Kilikuwa na dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe ili watu wa nje wasione ndani, na kitanda kirefu ambacho mguu wake mmoja tuliuinua kwa kipande cha kigae. Mwanamke alilala, tukampaka siki kwenye shingo ya kizazi kwa pamba, tukasubiri kidogo, tukaangalia. Pakibaki na rangi yake ya pinki, ni mzima. Pakitokea doa jeupe, kuna chembechembe zimeanza kubadilika, na zikiachwa kwa miaka zinaweza kuwa saratani.

Ugumu wote ulikuwa kwenye neno jeupe. Mimi niliweza kuona jeupe, mkuu wangu akaona ute tu. Yeye alikuwa muuguzi mkunga wa siku nyingi, mama wa Rufiji aliyekaribia kustaafu, na hakupenda kubishana. Tukishindwa kukubaliana tulimwandikia mwanamke rufaa ya kwenda hospitali kubwa mjini. Wengi waliikunja ile karatasi wakaitia kwenye mkoba, na hatukuwaona tena mpaka walipoleta mtoto kwenye chanjo. Ukimuuliza, alisema nauli, au foleni, au kwamba hakuna kinachomuuma.

Simu ililetwa na mradi mmoja. Haikuwa simu ya ajabu. Ilikuwa simu janja ya kawaida, kama wanayokuwa nayo vijana wa bodaboda, ila hii ilifungwa kwenye stendi ya chuma na mbele ya kamera yake ilibandikwa lenzi ndogo ya kukuza. Unapaka siki kama zamani, unasubiri, unapiga picha, unaituma kwa daktari bingwa, naye anajibu mwanamke akiwa bado amekaa kwenye benchi. Pamoja nayo kililetwa kifaa cha kuunguza kwa joto, kidogo kama kikausha nywele cha saluni, ili mwenye doa atibiwe palepale na asihitaji kwenda mjini.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi karibu na stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, kwa sababu wenzetu wengi walitoka mikoani na ilikuwa rahisi kwao kushukia hapo. Honi zilikuwa zinamkatiza mwalimu. Tulijifunza kupiga picha ndani ya kipande cha bomba la maji la plastiki, mwisho wake pamebandikwa kifuniko chenye doa la rangi. Kile kifaa cha joto tulikijaribia kwenye kifua cha kuku, na siku ile wakati wa chakula watu wengi waliomba maharage.

Kilichotuchelewesha zaidi ni saa. Shingo ya kizazi inasomwa kama uso wa saa ya ukutani, na doa linatajwa kwa mahali lilipo. Mwalimu akasema doa liko saa tatu. Nusu ya darasa tukaangalia kulia, ilipo namba tatu; nusu wakaangalia kushoto, unapokaa mshale saa tatu ya asubuhi. Mabishano yakawa marefu kuliko somo. Mwishowe tukakubaliana kufuata namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, si saa tunayoisema, na mpaka leo nikisoma majibu inabidi nisite kidogo.

Daktari wa kusoma picha zetu alikuwa mwanamke. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Tulijua anafanya kazi mjini na anakaa Boko, ng'ambo kabisa ya jiji, kwa sababu kila umeme ulipokatika kwao aliandika kwenye grupu la mradi: Boko hakuna umeme, nivumilieni. Picha haikwenda na jina. Ilikwenda na namba, umri, na idadi ya watoto. Yeye alijibu kwa maneno machache, bila salamu nyingi, na mwisho wa kila jibu aliandika asante.

Hatukufikiria kwamba simu yenyewe ingekuwa kikwazo. Tulidhani wanawake wangefurahi kupata majibu haraka. Wiki za mwanzo walikuja kliniki kama kawaida, wakasikiliza maelezo, na tulipofika kwenye picha wakaangaliana. Mmoja alisema atarudi akishaongea na mumewe. Mwingine alisema yuko kwenye siku zake, na mwenzake aliyekaa pembeni akasema na yeye pia.

Sababu tuliijua. Miezi michache kabla, mwanamke wa mtaa wa pili alisambaziwa video ya utupu wake na mwanamume waliyeachana naye. Kila mtu aliijua ile video, hata ambao hawakuitazama. Yule mwanamke alihama, na chumba alichopanga kilikaa wazi muda mrefu kwa sababu watu walikuwa wakipita na kuonyeshana mlango. Sasa sisi tulikuwa tunawaambia wanawake wa mtaa uleule wavue, walale, tuwapige picha, na picha iende kwa mtu wasiyemjua.

Aliyeyasema hayo waziwazi ni mama wa dukani. Duka lake lilitazamana na geti letu. Alikuwa mjane, Mwarabu kwa asili, na familia ya mumewe imekuwa ikiuza vitu Mbagala tangu Barabara ya Kilwa haijapanuliwa. Wanawake waliotoka kliniki walipitia kwake kununua soda au biskuti za mtoto, wakakaa kwenye benchi lake la kivulini, wakaeleza walichoambiwa. Yeye ndiye aliyetuuzia siki ilipokwisha ile ya bohari ya dawa. Kwa muda mrefu alidhani tunapenda sana kachumbari.

Alipojua siki inakwenda wapi alicheka mpaka akashika kaunta. Lakini habari ya picha haikumchekesha. Aliwaambia wanawake waliokaa pale kwamba huko marehemu mumewe mwenyewe hakuwahi kumulika na taa, sembuse simu ya serikali. Waliokuwa na wasiwasi wakapata neno la kusema, na sisi tukakaa na stendi yetu imefunikwa kitambaa.

Mkuu wangu akaamua twende kuzungumza naye. Tulikwenda mchana, duka likiwa halina watu. Alitukaribisha vizuri, akatoa viti vya plastiki, akatutolea maji ya baridi kutoka kwenye friji lake. Mkuu wangu akamweleza polepole, kama anavyoeleza kila kitu, kwamba simu haina laini ya kupigia, inafungiwa kabatini, picha haionyeshi sura wala mapaja wala ngozi ya mtu, inaonyesha kitu kidogo cha mviringo ambacho hata mwenyewe hawezi kukijua kuwa ni chake. Mama wa dukani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza swali moja.

"Na nyie, zenu zimepigwa?"

Mkuu wangu akaniangalia mimi. Nikasema bado.

"Basi mkishapiga zenu, njooni tuzungumze," akasema. Hakusema kwa ubaya. Akaongeza kwamba yeye hauzi kitu ambacho hajakionja.

Tulirudi zahanati. Mkuu wangu alikwisha kuvuka umri ambao mradi ulitaka, kwa hiyo nilibaki mimi. Nilikuwa katikati ya miaka ya thelathini, nina watoto wawili, na kwa muda wote niliofanya kazi ile ya kuwalaza wenzangu sikuwa nimewahi kulala mimi. Haikuwa woga. Sikuwahi kufikiria kwamba ninahusika. Nilikuwa mtu wa upande ule mwingine wa kitanda.

Tulifanya kesho yake, baada ya kliniki kufungwa mchana. Nilivua, nikajifunika khanga, nikapanda. Nilishangaa jinsi dari ilivyokuwa chafu. Nilikuwa sijawahi kuiangalia. Siki ilikuwa baridi, halafu ikawasha kidogo. Mkuu wangu alihesabu dakika kwa saa yake ya mkononi, akasogeza stendi, nikasikia ule mlio wa kamera ambao nilikuwa namwambia kila mtu asiuogope.

Nilitegemea aseme imekwisha, shuka. Hakusema. Akapiga nyingine. Nikamwomba anionyeshe, naye akasita, kisha akaifungua simu kwenye stendi akanipa.

Nilikuwa nimeziangalia nyingi kwenye mafunzo na chache pale kwetu, na niliiangalia hii kwa namna ileile. Mviringo wa pinki, unang'aa kwa maji. Tundu katikati. Na upande wa juu kushoto, kutoka namba tisa kuelekea kumi na mbili, doa jeupe lenye mpaka ulio wazi, kama utando wa maziwa. Picha ilikuwa nzuri, haina ukungu. Kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba ingefaa kufundishia. Kisha nikakumbuka nimelala.

"Tutume," mkuu wangu akasema.

"Tutume," nikasema.

Nilivaa, tukakaa mezani. Nilijaza umri na idadi ya watoto, kama ninavyowajazia wengine, tukaituma kwa namba. Daktari wa Boko alijibu haraka kuliko siku zote. Aliandika kwamba doa lipo, linaonekana vizuri, tisa hadi kumi na mbili, halijaingia ndani ya tundu, linafaa kutibiwa kwa joto. Kisha akauliza: Mgonjwa yupo hapo?

Mkuu wangu alikuwa amekwenda kunichemshia chai. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaandika: Yupo. Anasubiri.

Akajibu: Mwelezeni kwa upole kwamba hii siyo saratani. Kama yuko tayari atibiwe leo. Asante.

Nilisoma mara ya pili. Yale maneno, siyo saratani, nilikuwa nayasema kwa wanawake bila kufikiri, kwa sauti niliyofundishwa, na nilidhani yanawatosha. Siku ile niliona kwamba mtu akiyasikia anabaki na neno la mwisho tu. Mkuu wangu aliporudi na chai nilimpa simu asome. Akasoma, akaiweka chini, akauliza kama nataka kwanza kwenda nyumbani kuongea na mwenzangu. Nilisema hapana. Nilijua nikitoka nje ya geti lile nitakuwa kama wale waliokunja karatasi wakatia kwenye mkoba, na ningekuwa na sababu nzuri kabisa.

Tiba yenyewe ni fupi. Maumivu ni ya tumbo la chini, kama ya siku za mwezi, halafu yanaachia. Harufu inakuwepo kidogo. Mkuu wangu alikuwa anaomba dua kwa sauti ya chini huku ameshika kile kifaa, na nilimwacha. Baadaye nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa nikapewa maelezo yote, neno kwa neno, ingawa mimi ndiye niliyeyabandika ukutani: kutakuwa na maji mengi kwa muda, usitumie tamponi, usikutane na mume mpaka mwezi upite na zaidi, urudi mwakani.

Kwa ajili ya lile la mume ilibidi niongee. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kusahihisha madaftari mpaka wakati wa kula. Nilimweleza watoto wakiwa nje wanacheza. Alisikiliza, akauliza kama nitapona, nikasema ndiyo. Akauliza kama ni yeye aliyenipa. Nikamweleza kwamba kirusi kinachosababisha kinapatikana kwa watu wengi sana na kinaweza kukaa miaka bila mtu kujua, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Akakubali, au alionekana kukubali. Kisha akashika kalamu yake nyekundu, akaiweka.

"Hiyo picha bado iko kwenye simu?"

Nikamwambia iko kwenye simu na iko pia kwa daktari, haina jina.

"Lakini wewe unajua ni yako," akasema. "Na mimi sasa najua."

Hilo ndilo swali walilokuwa wanatuuliza wanawake kwa njia zao zote za kuzunguka, na mimi nilikuwa nawajibu kwa habari za namba na kabati. Kesho yake nilimpigia daktari wa Boko kwa simu yangu mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake. Nikamuuliza picha zinakaa wapi, kwa muda gani, na kama mtu anaweza kuomba ifutwe. Alinieleza yote kwa uvumilivu. Akasema anaweza kufuta ya yeyote atakayeomba, ila ingefaa ibaki mpaka mwaka upite ili tulinganishe. Halafu akauliza kwa nini nauliza.

Nikamwambia ile ya jana ilikuwa yangu.

"Nilikuwa naongea na wewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Pole," akasema. "Ningejua ningeandika vizuri zaidi."

Nikamwambia aliandika vizuri.

Mkuu wangu alisema silazimiki kumwambia mtu yeyote. Mama wa dukani alitaka kujua kama tumepiga, na jibu ni kwamba tumepiga. Majibu ni siri ya mgonjwa, hata mgonjwa akiwa muuguzi. Alikuwa sahihi. Nilikaa siku kadhaa nikipita geti la nyuma. Si kwamba nilikuwa na aibu ya ugonjwa. Nilihofia kwamba nikisema, wanawake watasikia kitu kimoja tu: hata nesi mwenyewe ameonekana nacho, basi ile simu inawatia ugonjwa.

Mwisho sukari iliisha nyumbani, na duka la karibu ni lile. Alikuwa peke yake, anapima mchele kwenye mifuko midogo. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto. Akachukua sukari, na akiwa bado amenipa mgongo akauliza kama tulipiga.

Nilisema: "Nimepigwa mie. Ikaonekana na doa. Nimetibiwa siku hiyohiyo."

Aligeuka. Aliniangalia usoni, kisha tumboni, kama watu wanavyomwangalia mjamzito. Hakuuliza maswali ambayo nilikuwa nimeyaandalia majibu. Alikuja akafungua kile kijimlango cha kaunta, akaniambia niingie ndani nikae. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo yenye magunia na kiti kimoja. Nikakaa mimi, yeye akasimama ameegemea gunia la unga.

Akaniambia kwamba anatokwa damu. Alikuwa amekoma kupata siku zake zamani, wajukuu wake wanasoma, na sasa damu imerudi, inakuja na kukatika. Mwanzo alifurahi kidogo, akadhani ujana. Kisha ikaanza kutoa harufu. Alikuwa anakunywa dawa za miti ambazo dada yake alimtumia kutoka Tanga. Hakuwa amemwambia mtu.

"Nilikuwaga nawaona nyie mnapita na siki yangu," akasema, "najiambia, wale ndio watakaonikuta na hili."

Nilimwambia aje. Umri wake ulikuwa umepita ule wa mradi, lakini mtu anayetokwa damu haangaliwi umri. Akasema atakuja siku ya Ijumaa baada ya swala, wanawe wakitoka msikitini kwenda kula kwa kaka yao, zahanati ikiwa tupu. Aliomba mlango ufungwe kwa ufunguo, na aliomba simu niishike mimi na si mwingine.

Alikuja amevaa baibui, ana mfuko wa plastiki wenye khanga mbili safi. Alisema bismillahi alipopanda kitandani. Sikuhitaji siki. Mara tu nilipofungua niliona kwamba hiki si doa. Palikuwa na kinyama kilichoota, chenye vichwa vichwa, kikitoa damu kilipoguswa na pamba. Nilipiga picha moja.

Daktari wa Boko aliandika: Msiguse tena. Asitibiwe hapo. Akachukuliwe kinyama cha kupima. Kisha, chini yake: Mwambie aje Jumatatu, nitampokea mwenyewe.

Nilimweleza akiwa amekwisha kuvaa, amekaa. Nilijitahidi nisianze na maneno ya ukutani. Nilimwambia nimeona kidonda chenye kuota, ninakiogopa, daktari naye anakiogopa, na kuna kipimo kinatakiwa ili kujua. Aliuliza kama ni saratani. Nikasema inaweza kuwa, na kwamba hata ikiwa ndiyo, ina tiba, na ni bora Jumatatu kuliko mwezi ujao. Akatikisa kichwa. Akaomba aione picha.

Aliichukua simu kwa mikono miwili. Aliangalia kwa muda, akaisogeza mbali kama anavyosoma bei kwenye makopo, akaisogeza karibu.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho, mama."

"Kidogo hivi."

Mkuu wangu akatoka nje, nadhani alitaka kulia. Mama wa dukani akanirudishia simu, kisha akatoa yake kutoka kwenye mkoba, akaniambia nimtumie ile picha. Nilimwambia utaratibu hauruhusu. Akanieleza kwa nini anaitaka. Wanawe ni watu wema, akasema, lakini akiwaambia anaumwa huko watainamisha vichwa, watasema apumzike, watamletea asali na habasoda. Hawatamuuliza kitu na hawatamsikiliza, kwa sababu ya heshima. Ila bintiye mkubwa akiiona kwa macho yake, atawapanga wote ndani ya gari Jumatatu asubuhi.

Nilimwandikia daktari, nikamuuliza. Jibu lilikuwa fupi: Picha ni yake.

Nikamtumia.

Sikuwepo alipoionyesha, na sijui aliionyeshaje. Najua Jumatatu duka halikufunguliwa. Jirani walikuja kutuuliza, tukasema hatujui. Kipimo kilionyesha ni saratani, imeanza kutoka nje ya shingo ya kizazi lakini haijafika mbali. Alipigwa mionzi kwa wiki nyingi, akikaa kwa bintiye mjini. Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa amechoka, ngozi imekuwa ya kijivu, na chakula kilikuwa hakikai. Alinilalamikia kwamba mwanawe anauza mchele bila kuupepeta. Sikujua kama nitamwona tena nje ya kitanda kile, na nilipotoka nilikaa kituoni muda mrefu kabla ya kupanda basi.

Alirudi. Amekonda, anatembea polepole, na hawezi kukaa muda mrefu, lakini anakaa. Wanawake walipomuuliza aliwaambia alichotaka kuwaambia. Wengine walikuja kwetu baada ya hapo, na wengine hawakuja mpaka leo. Kuna mmoja alisema waziwazi kwamba mama wa dukani aliugua kwa sababu ya kupigwa ile picha. Yapo mambo ambayo nimeacha kuyajibu. Ninawaambia wanaokuja kwamba mimi yangu imepigwa, ilionekana na doa, na ninawaacha waniangalie usoni. Kawaida wanauliza kama iliuma. Mwaka ulipopita nilirudia. Picha ilikuwa ya pinki yote. Nikamwomba daktari afute ile ya kwanza, akafuta, akaniandikia imefutwa, asante.

Shangazi wa mume wangu alipojenga Boko, tulikwenda kumsalimia siku ya Jumapili. Nilimpigia daktari, akasema nyumba yake haiko mbali, nipite. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, mfupi, amevaa dera, na mwanawe alikuwa anafanya kazi ya shule sakafuni. Tulikaa kama watu wanaofahamiana sana ambao hawana la kusema. Aliniuliza juu ya mama wa dukani. Nikamwambia anagombana na wanawe juu ya kupaka rangi duka.

Baadaye akaniambia kwamba zipo picha alizokosea kuzisoma. Picha moja ilikuwa na ukungu, umeme haukuwepo, alikuwa amechoka, akaandika ni mzima. Mwanamke yule alirudi akiwa na hali mbaya. Siku hizi picha ikiwa na ukungu anasema irudiwe, hata sisi tukikasirika. Nilikiri kwamba huwa tunakasirika. Akaniambia pia kuna programu mpya inayosoma picha yenyewe na kutoa jibu kabla yake. Mara nyingi wanakubaliana, na pale wanapotofautiana ndipo anapoangalia kwa makini zaidi.

Tukiwa tunakunywa juisi simu yake ikalia mezani. Aliitazama, akavaa miwani, akaniomba radhi: picha imeingia. Kisha akageuza kiti, akaishika simu upande wa ukuta, mahali ambapo nisingeweza kuiona, akainama. Mwanawe akaacha kuongea bila kuambiwa. Nikachukua glasi yangu nikaangalia nje, kwenye uwanja, ambako mtu alikuwa anaanika nguo.